Ukurasa wa Kumi na Moja

Lodwar, 25 Mei 2025

Shangazi Namuria,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Nimelibeba tangu Desemba, na hadi wiki jana sikujua kwamba ni zito. Lakini barua haiwezi kuingia kwako bila kubisha hodi, kwa hiyo nibishe kwanza.

Ejok, Shangazi. Huku shuleni tu wazima. Jua la Lodwar unalijua mwenyewe. Maji ya bomba yalikatika siku nne, tukawa tunaoga kwa vikombe. Baba alifika mjini kutoka Namoruputh kuuza mbuzi, akapitia hapa kuniona. Aliuliza goti lako linaendeleaje, nikasema vizuri. Bado anaamini ulipasuliwa goti kule Eldoret. Sikumwambia lingine. Msalimie Mama Monique, ambaye najua ndiye anayekusomea hii. Mama Monique, tafadhali soma mpaka mwisho hata akikuambia uache.

Sasa jambo lenyewe. Unakumbuka Desemba, uliporudi kutoka hospitali na tumbo lililopunguzwa, tuliketi jikoni kwako, mimi nikisoma kijitabu cha daktari kwa Kiingereza na kukueleza kwa Kiswahili, naye Mama Monique akiandika kwenye daftari lile linaloning'inia kwenye msumari? Nilieleza kila ukurasa isipokuwa mmoja. Nilipofika wa kumi na moja niliona juu yake kichwa kinachohusu wanawake na mimba. Shangazi, niliona aibu. Sikujua ningeanzaje kukutamkia mambo hayo, na Mama Monique akiwa pale na kalamu mkononi. Nikafunua kurasa mbili kwa pamoja, nikaenda moja kwa moja kwenye mazoezi ya kutembea. Hakuna aliyegundua.

Likizo ya Aprili nilipokuja kwako, tulikuwa tunatoka sokoni na kiatu chako kimoja kikabaki nyuma. Ulitembea hatua kama kumi bila kujua mguu uko mtupu. Ulicheka ukasema ni joto. Niliona pia nywele kwenye kitana chako. Wiki jana, hapa shuleni, nilitoa kijitabu kwenye sanduku langu, kile ulichonipa ukisema hakina hata picha nzuri, nikasoma ukurasa ule wote. Mambo ya mimba ni mistari mitano tu. Chini yake pameandikwa kuwa vidonge vya vitamini havina mwisho. Mtu aliyepunguzwa tumbo huvimeza kila siku ya maisha yake, na damu yake hupimwa mara kwa mara, kwa sababu tumbo dogo haliwezi tena kupata kila kitu kutoka kwenye chakula. Asipovimeza, damu hupungua na miguu hufa ganzi.

Wewe uliniambia mwezi wa pili, kwa furaha, kwamba umemaliza dozi. Kama vile dawa ya malaria. Nami nilikupongeza.

Tafadhali nenda hospitali. Ningepiga simu, lakini simu ya shule ni ya dakika tatu, na nyuma yako wamesimama wasichana kumi wanaosikia kila neno, na siri hii ni yako. Barua namkabidhi Lokaale wa pikapu ya samaki.

Nisamehe.

Nawoi

*

Lodwar, 15 Juni 2025

Shangazi,

Ejok. Sisi wazima. Kuku wa mlinzi wameangua.

Lokaale anasema barua yangu aliiweka mkononi mwako mwenyewe, na kwamba ulimpa chai. Ni wiki tatu sasa. Kila pikapu ya samaki ikipita nje ya ukuta nasimama. Nitaandika tena Jumapili ijayo, na Jumapili nyingine, hata kama hujibu.

Nawoi

*

Kakuma, 20 Juni 2025

Kwa Nawoi, mama yangu, mtoto wa kaka yangu,

Ejok-nooi. Hapa Kakuma tu wazima kabisa, mwandishi ni Monique kama siku zote, mimi ninasema na yeye anatia wino. Biashara inakwenda. Mabasi ya Lokichoggio yanasimama mbele ya hoteli kama kawaida, na mbuzi wa choma anaisha kabla ya saa nane. Juzi dereva mmoja aliingia akauliza, "Mama Mnene yuko wapi?" Nikasema, "Unaongea naye." Akaniangalia juu mpaka chini, akasema, "Wewe ni mdogo wake." Nikamwambia mdogo wake hauzi nyama, keti ule. Tatizo la kuita hoteli jina la mwili wako ndilo hilo. Kibao kinasema Kwa Mama Mnene na mimi nimepungua kilo arobaini na tatu. Mwingine alisema mwenye hoteli akikonda, wateja wajihadhari. Nilimpimia supu bila mfupa.

Sukari yangu imeshuka. Magoti hayalii tena. Nakula kwa kisahani cha kikombe, kama ulivyonisomea: samaki au yai kwanza, mboga, halafu ugali kidogo ikibaki nafasi. Maji sinywi nikila, nangoja nusu saa. Chai bila sukari nimeizoea, ingawa ina ladha ya majani ya mbuzi.

Barua yako ilifika. Mtoto wa shule asijisumbue na mambo ya watu wazima. Soma vitabu vyako. Mimi ni mzima.

Shangazi yako, Namuria

Nawoi mwanangu, hapa ni miye Monique sasa. Dada ameingia kuoga, naandika mbio. Barua yako niliisoma mpaka pale ulitaja ule ukurasa, akaniambia funga. Nikafunga. Nimeisoma yote peke yangu nyuma. Siku ya Alhamisi kaa la moto lilianguka mbele ya jiko. Akalikanyaga na ile sandali ya kutoboka, akabaki pale juu yake akikoroga supu. Harufu niliisikia miye. Yeye hakusikia kitu. Na nguvu haiko, akipanda ngazi tatu za duka la Msomali anapumua kama amekimbia toka Nadapal. Mpishi hawezi kuamuru mwenye hoteli. Lakini mtoto wa kaka yake anaweza. Andika tena, uandike kali. Anatoka.

*

Lodwar, 29 Juni 2025

Shangazi,

Ejok. Sina habari nyingi za nyumbani leo. Baba ni mzima, ng'ombe wawili wamezaa.

Najua kuhusu kaa la moto. Usimkasirikie Mama Monique. Mtu aliyekaa na wewe miaka sita akaungua roho kwa ajili yako hajakosa.

Sijawahi kukwambia neno la kukuamuru. Hata ulipokuwa unanitania kwamba nitaolewa na kamusi, nilinyamaza. Leo nakuandikia ukurasa wa kumi na moja wote, kuanzia juu, na Mama Monique atausoma kwa sauti huku wewe umeketi.

"Kwa wanawake. Usishike mimba kabla ya miezi kumi na minane tangu upasuaji, kwa sababu mwili bado unapungua na mtoto hatapata chakula cha kutosha. Zungumza na daktari kuhusu njia ya kuzuia. Vidonge vya kumeza huenda visifanye kazi vizuri kama zamani.

"Kwa wote. Vitamini na madini utameza kila siku, maisha yako yote. Zile ulizopewa hospitali ni za miezi mitatu ya kwanza tu. Zikiisha, nunua nyingine. Chokaa ya mifupa na madini ya damu usivimeze kwa wakati mmoja. Damu ipimwe mwezi wa tatu, wa sita, wa tisa na wa kumi na mbili, kisha kila mwaka. Ukihisi ganzi miguuni, kizunguzungu, uchovu usioisha, au ukianza kujikwaa, usingoje siku ya kliniki. Nenda siku hiyo hiyo."

Ni huo tu. Nimeuandika wote, hata ule wa juu, na mkono wangu haukuanguka.

Kuna ganzi ambayo ikikaa sana hairudi. Sikuandikii haya kukutisha. Nimeyasoma katika kitabu cha Biolojia cha maktaba. Jumamosi tarehe kumi na mbili Julai ni siku ya wazazi na Baba atakuja. Ikiwa kufikia siku hiyo sijapata neno kwamba umeona daktari, nitamweleza yote, goti na tumbo, naye unamjua. Atakubeba kwa punda ikibidi.

Nawoi wako

*

Kakuma, 20 Julai 2025

Nawoi, mama yangu,

Ejok-nooi, ejok tena. Sisi wazima, na safari hii ni kweli. Lokaale aliniambia alikufikishia maneno yangu mawili, "Ameona daktari," kabla ya siku ya wazazi. Nilimwambia akisahau hatakula kwangu tena, wala hatakunywa. Barua ndefu nimeichelewesha kwa sababu nilitaka kwanza niwe na la kusema.

Nilikukasirikia siku mbili. Siku ya kwanza kwa sababu ya ukurasa. Siku ya pili kwa sababu ya punda. Monique alisoma ile sehemu ya mimba kwa sauti kubwa kama mhubiri, na wateja wawili wakageuka. Mimi, mjane wa miaka kumi. Nawoi, hiyo mimba ingetoka wapi? Ungeniuliza tu, ningecheka, tungeendelea na vidonge. Nilicheka mpaka machozi, halafu machozi yakabaki na kicheko kikaisha.

Nitakwambia kwa nini nilimwambia Monique afunge barua ya kwanza. Niliamua peke yangu kwenda kukatwa tumbo. Sikumuuliza kaka, sikuuliza kanisa. Nilikuwa nimechoka kulala nimekaa kwa sababu pumzi haitoshi. Kwa hiyo miguu ilipoanza kufa, nilijua kuna kitu, na niliogopa mtu asije akaniambia nilijikata bure. Ni afadhali ganzi kuliko maneno hayo. Hivyo ndivyo nilivyowaza, mtu mzima wa miaka arobaini na moja.

Nilikuja Lodwar tarehe tatu. Daktari ni kijana mdogo, sauti ya upole. Alinigusa vidole vya mguu na sindano nikiwa nimefumba macho, akauliza, "Unasikia?" Nikasema, "Anza basi." Akasema, "Mama, nimeshamaliza." Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Damu ilikuwa nusu. Nikachomwa sindano siku hiyo na kila siku wiki nzima, nikilala kwa rafiki, na bado nachomwa hapa Kakuma mara moja kwa wiki. Nilimuuliza hivi vidonge ni mpaka nizikwe? Akasema, "Ndiyo, kama chumvi kwenye mboga. Hujawahi kuuliza chumvi itaisha lini." Nikamwelewa. Halafu nikamuuliza lile jingine: nilikosea kukatwa? Akatazama karatasi ya sukari, ya presha, ya kilo. Akasema, "Upasuaji ulifanya kazi yake. Sasa ni zamu yako."

Nilipita nje ya ukuta wa shule yako kwa boda boda. Wasichana walikuwa wanaimba. Sikuingia, kwa sababu nilikuwa nalia, na wewe una aibu za kutosha.

Sasa sikia. Jumanne asubuhi nilipiga kidole gumba cha mguu kwenye jiwe la mlangoni. Nikapiga kelele. Monique akaja mbio na mwiko. Nikamwambia, "Kinauma." Akasema, "Pole." Nikasema, "Si pole, mwanamke, kinauma!" Tukashikana tukacheza pale pale, mboga ikaungua. Abiria wa basi walidhani tumeshinda kitu.

Natembea. Saa kumi na mbili asubuhi natoka hotelini mpaka uwanja wa ndege na kurudi, Monique ananishika mkono kwa sababu miguu bado haijakumbuka yote. Watoto wanauliza, "Mama Mnene, unafukuzwa na nani?" Nawaambia, nafukuzwa na Mama Mnene.

Septemba kaka yako mkubwa anaoa huko Namoruputh. Mimi ndiye shangazi wa bwana harusi. Watanipa paja, mbele ya ukoo wa bibi harusi. Shangazi akikataa nyama ya harusi, watu watauliza ana neno gani na ndoa hiyo. Nikila paja zima, nitalazwa. Wewe msomi, fikiria.

Namuria

*

Lodwar, 27 Julai 2025

Shangazi,

Ejok. Nimesoma mstari wa kidole gumba mara nyingi mpaka karatasi imelegea.

Nami nina la kukiri, dogo. Hapa hakuna mtu anayejua kama naweza kukimbia, kwa sababu saa ya michezo mimi hujificha maktaba. Tangu Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, kabla wenzangu hawajatoka bwenini, nazunguka uwanja. Mara mbili tu, kwa kutembea. Nimechagua saa yako ili nisiwe peke yangu.

Kuhusu paja nimefikiria. Kitabu kinasema kipande chenye ukubwa wa kiberiti, kitafunwe mara ishirini, na kijiko kiwekwe chini kati ya tonge na tonge. Hakisemi lolote kuhusu ukoo wa bibi harusi. Hapo kimeandikwa na watu ambao hawajawahi kuozesha mtoto. Mimi nadhani siri ndiyo inayokusonga, si nyama. Lakini siri ni yako.

Likizo ya Agosti nitakuwa Namoruputh na mbuzi. Sitasema neno. Harusi yenyewe itakuta shule zimefunguliwa, kwa hiyo utaniandikia.

Nawoi

*

Kakuma, 17 Septemba 2025

Nawoi, mama yangu,

Ejok-nooi! Kaka yako ameoa. Bibi harusi ni mrefu kuliko yeye, na hakuna anayethubutu kulisema. Baba yako ni mzima, sauti haijapungua. Mama yako alinipa siagi ya kukuletea, Lokaale anayo, mwambie nimehesabu vijiko.

Nilifika Namoruputh Ijumaa. Gari lilikwama kwenye mchanga wa lagha, ule mto mkavu, na kutoka hapo mpaka bomani ni mwendo wa saa moja na nusu. Wengine walikaa kungoja trekta. Mimi nilijifunga viatu nikatembea. Baba yako aliniona natokea mbali, hakunitambua. Anasema alidhani ni mwalimu. Mwaka juzi kutoka garini mpaka kwenye kivuli cha nyumba yake nilipumzika mara tatu, unakumbuka? Safari hii nilifika nikaomba kisu nisaidie kukata mboga.

Kesho yake, nyama. Waliniletea paja kwenye ubao, limenona, linadondosha mafuta. Wanawake wa ukoo wa bibi harusi wamekaa mstari mzima wakinitazama. Na kaka yangu, baba yako, akaona ndio wakati wa kunitania. Akasema kwa sauti, "Dada, umekonda kama mbuzi wa kiangazi. Kakuma hakuna chakula? Au hilo goti ndilo linalokula?"

Watu wakacheka. Nikakumbuka barua yako, kwamba kinachonisonga si nyama.

Nikalipokea paja kwa mikono miwili. Nikakata kipande cha kiberiti. Nikakiweka mdomoni, nikatafuna, na wote wakangoja, maana mtu anayetafuna hakatizwi. Nilihesabu mpaka ishirini. Sijawahi kuona watu wakikaa kimya hivyo kwa ajili ya meno yangu. Nikameza, nikasema, "Kaka, goti ni zima. Nilikudanganya. Nilikwenda kupunguzwa tumbo, kwa sababu nilikuwa nakula chakula cha watu watatu na kupumua kwa nusu mtu. Tumbo langu sasa ni kama ngumi ya mtoto. Nimekula nyama ya harusi hii na imenishibisha. Anayesema shangazi amekataa, aje apime tumbo."

Kisha nikasema, "Lililobaki ni langu, na nyama yangu nagawa nitakavyo." Nikaanza kwa mama wa bibi harusi, kipande kikubwa, kwa mkono wangu. Halafu dada zake, mmoja mmoja, mpaka mfupa. Yule mama, mzee, mkali wa macho, alikula chake, akasema, "Wamempa mtoto wetu shangazi anayegawa. Afadhali huyu kuliko yule anayekula." Wakapiga vigelegele. Nawoi, niliimba nao, na nikacheza. Kuruka kwenyewe, siyo kutikisa mabega. Niliruka mpaka vumbi likanifika kiunoni, na kila nilipotua niliisikia ardhi kwenye nyayo zangu zote mbili.

Jioni baba yako alinitafuta. Alikuja akakaa karibu nami, akasema, "Ungeniambia. Ningekusindikiza Eldoret." Halafu akaniuliza kama vidonge vyangu nimekuja navyo. Nilikuwa navyo.

Sasa jambo la mwisho, na hili ni kazi. Habari imenitangulia Kakuma. Juzi aliingia mwanamke mmoja anaitwa Sellah, mwalimu wa shule moja huko kwenye kambi ya wakimbizi, kwao Kitale. Aliagiza chai, hakuinywa. Akangoja wateja watoke. Kumbe naye alipunguzwa tumbo, mwaka jana, na hajamwambia mtu. Nikamuuliza, vidonge? Akasema, "Nilimaliza dozi." Nikamshika mkono, nikamwambia vua viatu. Nikamgusa vidole na uma. Nashukuru Mungu, aliruka. Lakini nywele zinatoka, na anachoka. Nimempeleka kliniki mwenyewe.

Kwa hiyo nataka ukurasa wa kumi na moja, kwa Kiswahili safi, kwa herufi kubwa, wote. Nitauweka kwenye ukuta wa hoteli kando ya bei ya chai. Atakayecheka acheke. Kibao nacho nimekipaka rangi upya. Jina ni lile lile. Monique alitaka tubadilishe, nikasema hapana, watu waje waulize Mama Mnene yuko wapi, nipate pa kuanzia.

Damu yangu imepanda karibu kufika inapotakiwa. Nimepungua kilo hamsini na sita. Nimetembea leo mpaka uwanja wa ndege bila kushikwa mkono.

Namuria

Miye Monique naongeza: ni kweli yote. Hata ile ya kuruka, nimeona kwa simu ya mtu.

*

Lodwar, 5 Oktoba 2025

Shangazi,

Ejok. Siagi ilifika, vijiko vimetimia. Ulipoandika kwamba ardhi uliisikia kwa nyayo zote mbili nilitoka darasani nikasimama nyuma ya tangi la maji mpaka nikatulia.

Nakueleza nilivyofanya, kwa mpangilio.

Jumatatu na Jumanne alasiri nilikaa maktaba na kijitabu, nikatafsiri ukurasa wa kumi na moja upya. Jumatano niliona haifai kuandika mambo ya watu kuishi au kufa bila mtu kuyakagua, nikaenda kwa Mwalimu Mutua wa Biolojia. Alikuwa anakula embe. Akasema, "Soma tu, nasikiliza." Nilidhani angeichukua karatasi aisome mwenyewe kimya. Kumbe ni mimi nisome, kwa sauti, kwenye chumba cha walimu, na walimu wengine wawili wakiwa pale.

Nikaanza juu, kwa wanawake. Kwenye neno mimba sauti ilikatika. Mwalimu aliangalia dirishani akangoja. Nikalirudia, nikaendelea na njia ya kuzuia, na vidonge, na damu, na ganzi, mpaka nukta ya mwisho. Alisahihisha mawili: nilikuwa nimesahau kupima damu mwezi wa tisa, na akaniambia niandike kwa herufi nyekundu ile sehemu ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Mwalimu mmoja wa kike aliniomba nakala, kwa ajili ya dada yake. Nikamwahidi moja.

Niliandika nakala nne kwa mkono. Moja ni ya mwalimu huyo. Moja ni ya Mwalimu Sellah. Moja ya ukuta wako, kwenye karatasi ngumu. Ya nne nimeibandika ndani ya kifuniko cha sanduku langu.

Jana mchana nilisimama langoni mpaka pikapu ya samaki ikafika, nikamkabidhi Lokaale bahasha ya nakala zenu mbili, nikamwambia isikae juu ya samaki. Leo asubuhi, saa kumi na mbili, nilizunguka uwanja mara nane. Mbili za mwisho nilikimbia, na wasichana wa bweni la pili walikuwa wameshatoka, wakaniona.

Nawoi